Mnaniuliza Kama Kupanda Nywele Kunauma

Inauma. Haya, nimejibu. Sasa niacheni ninywe chai yangu.

Najua hamtaniacha. Tangu mjukuu wangu Kulwa awatangazie wenzake wa saluni kwamba babu yake aliwahi kukiona kwa macho kichwa kilichopandwa nywele, tena enzi ambazo hapa Shinyanga mashine ya umeme ya kunyolea ilikuwa kitu cha kwenda kutazama, mimi sina amani. Kila kijana anayeanza kuota upara analetwa kwangu. Anakaa kwenye stuli, ananiinamishia utosi kana kwamba mimi ni daktari, halafu anauliza lile lile: "Babu, inauma?" Leo Kulwa ameniletea mwingine, huyo hapo, ambaye tangu aingie ndani hajavua kofia. Basi kaeni nyote niwaeleze mara moja, na huyo mwenye simu inayopiga kelele aizime.

Mimi nilikuwa kinyozi, si daktari. Nilianza kazi miaka michache baada ya uhuru, kwenye baraza la duka karibu na soko, chini ya Mzee Hamisi, Mnyamwezi wa Tabora, mwembamba, mkali, asiyecheka ila mtu mwingine akiumia. Nyie mnawasha mashine, mnapitisha, mnapuliza shingo, kwisha. Sisi tulikuwa na mashine ya mkono, ile ya kubana na kuachia. Meno yake yakiwa butu haikati, inang'oa. Mzee Hamisi alinikataza kugusa kichwa cha mtu mpaka nijinyoe mguu wangu mwenyewe kwa mashine butu, nijue mteja anasikia nini. Nikajinyoa huku machozi yananitoka. Akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa umejua," akasema. "Siku ukisahau, mguu wa pili upo."

Akanifundisha na jambo jingine, ambalo naona saluni zenu hazijawahi kulisikia: kinyozi ana masikio, hana mdomo. Mtu ukishamfunga shuka shingoni na kumwinamisha, atakuambia hata yale asiyomwambia mkewe. Ya kitini hubaki kitini. Siku hizi nikipita kwa Kulwa nasikia habari za mtaa mzima kabla sijafika mlangoni, na nyingine ni zangu mwenyewe.

Nilipokuwa na nguvu nilikuwa nafunga kisanduku changu na kudandia malori kwenda machimboni, upande wa Geita. Huko ndiko nilikojua kwamba binadamu na nywele zake ni ugonjwa. Mchimbaji hanyoi wakati duara lake, yaani shimo lake, linatoa dhahabu. Anasema atakata bahati. Anakuja shimo likishakauka, amefuga kichaka, amenuna, na kosa la shimo kukauka ni lako wewe kinyozi. Ukimaliza haachi nywele chini. Anaziokota zote, anazifunga kwenye gazeti, anaondoka nazo, asije adui akazipata akamfanyia mambo. Mmoja alifika mbali, akarudi mbio kwa sababu alikumbuka kuna nywele zilizoangukia kiatu changu. Nikavua kiatu nikamkung'utia huku nasonya.

Kwa hiyo nilidhani nimeona yote. Nilikuwa sijaona ya Dilipu.

Dilipu alikuwa mtoto pekee wa kiume wa Mzee Jivani, yule Mhindu aliyekuwa na duka la vitambaa mkabala na baraza letu. Mzee Jivani alizaliwa hapa hapa, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu cha sasa. Akiingia asubuhi kunyoa ndevu alikuwa ananisalimia, "Mwangaluka, fundi," halafu anaanza kulalamikia bei ya pamba kama mkulima. Mwanawe nilimnyoa tangu akiwa wa kukalishwa juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti. Nywele zake zilikuwa nzito, nyeusi, za kuchosha mkono. Alipovuka miaka ishirini zikaanza kumkimbia mbele.

Hapo ndipo mahangaiko yalipoanza, na mahangaiko ya Dilipu yalikuwa yangu, maana kila dawa alikuja kuijaribu kwenye kiti changu. Alipaka mafuta ya nyonyo, mito ya kiti ikateleza mwezi mzima. Akapaka maji ya vitunguu, wateja wakawa wananiuliza kama siku hizi nauza kachumbari. Kuna mtu wa kijiji cha Samuye akamuuzia mafuta kwenye chupa ya soda, akaapa ni ya simba.

"Baba Kabula," akaniambia, Kabula ni binti yangu wa kwanza, mama yake Kulwa, "hebu nusa. Ni ya simba kweli?"

Nikanusa. "Ni ya simba," nikasema. "Ila huyo simba alikuwa na kwato."

Baba yake alikuwa akimtazama tu na kutikisa kichwa, kichwa ambacho chenyewe kilikuwa kitupu tangu mimi nimfahamu. "Acha ujinga," alimwambia siku moja mbele yangu. "Babu yako alikuwa na upara, mimi nina upara, na duka limesimama. Sitaki kusikia habari za nywele nyumbani kwangu tena." Dilipu akainama. Alikuwa anamwogopa baba yake, na pia alikuwa na shida ambayo baba yake hakutaka kuiona: alikuwa amechumbiwa binti Mwanza, na picha iliyopelekwa kwa wakwe ilikuwa ya zamani, nywele bado zipo.

Basi akaaga kwenda kumtembelea mjomba wake Uingereza. Alikaa huko muda si mrefu, akarudi. Alirudi amevaa kofia ya sufu, jua la Shinyanga lile la kabla ya mvua, ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli. Mtaa mzima ukamuuliza habari za kofia, akasema amezoea baridi. Uongo gani huo jamani?

Akaja kwangu saa ya mchana watu wakiwa wameenda kula. Mzee Hamisi alikuwa amekwisha rudi kwao Tabora wakati huo, niko peke yangu kwenye banda la mbao nililojenga pale barazani. Akafunga mlango, akakaa, akavua kofia.

Nikaweka kitana chini. Mbele, kuanzia juu ya paji la uso, kulikuwa na vidonda vidogo vya mviringo vimepangwa kwa mistari kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, kila kimoja na kigaga chake cheusi, na katikati ya kila kigaga kijifungu cha nywele kimesimama. Kisogoni kulikuwa na matundu yanayolingana na vile vidonda, mengine yamekauka, mengine bado mabichi.

"Nani amekufanya hivi?" nikamuuliza. "Na umeshaenda polisi?"

"Daktari, Baba Kabula. Nimemlipa."

Sikilizeni sasa, maana hili ndilo mnalolitaka. Alisema sindano za ganzi ndizo zinazouma kuliko chochote, kwa sababu ngozi ya kichwa ni nyembamba na chini yake ni mfupa, dawa haina pa kwenda. Wanachoma kisogoni, wanachoma mbele, wanarudia. Machozi yanatoka yenyewe hata kama hulii, na yeye hakulia, kwa sababu kulikuwa na nesi anamtazama. Ganzi ikishika, husikii maumivu tena. Unasikia sauti. Wana kibomba kidogo chenye makali, wanakizungusha kwenye ngozi ya kisogo na kutoa kipande na mizizi yake, na wewe mwenye kichwa unasikia ndani ya masikio, kama mtu anayeng'oa karanga kwenye udongo mkavu. Kisha wanatoboa mbele na kukipachika. Muda wote huo umelala kifudifudi, halafu wanakukalisha, na shingo inakauka.

Ganzi ikiisha, kichwa kinabana kana kwamba umevishwa sufuria ndogo. Unapewa vidonge, vinasaidia. Siku mbili tatu baadaye uvimbe unateremka kwenye paji la uso mpaka machoni. Dilipu aliamka asubuhi akadhani amepofuka, kumbe ni kope zimevimba. Uvimbe ukipungua unaanza muwasho, na huruhusiwi kukuna. Mtu mzima anakaa amekalia mikono yake.

"Lakini usiku ndio mateso," akasema. "Huwezi kulalia kisogo. Ukilala kifudifudi unakandamiza za mbele. Nilikuwa nakaa macho. Sasa afadhali, mama amenipa mto mpya wa pamba, katikati una shimo. Kisogo kinaingia mle hakigusi kitu."

Nikakizunguka kile kichwa nikikitazama. Nilikuwa nimekihudumia tangu kikiwa kidogo na sikuombwa hata ushauri.

"Kwa hiyo wamehamisha tu," nikasema. "Wametoa nyuma wameweka mbele."

"Ndiyo."

"Za nyuma zitaota tena?"

"Zilipotolewa hapaoti. Zilizobaki zitafunika makovu."

"Na hizi za mbele zimeshika?"

Akaigeuzageuza kofia. "Daktari amesema zitaanguka kwanza."

"Zitaanguka?"

"Baada ya wiki kadhaa. Mizizi inabaki chini. Zinaota upya baada ya miezi mitatu, minne, na kupendeza kabisa ni kama mwaka."

Nikamwambia, Dilipu mwanangu, hata mchimbaji anayefunga nywele kwenye gazeti ana akili kuliko wewe. Hakukasirika. Alitaka nimpunguzie nywele za pembeni ili zilingane, nisiguse vidonda, na zaidi ya yote nisimwambie mtu. "Baba akijua nimekwisha," akasema. "Wembe ukipita hapa kabla ya kupona, vijifungu vitatoka vyote na vigaga vyake." Nikamfanyia kwa mkasi, polepole, nikisonya kila baada ya nywele mbili. Kisha akavaa kofia yake ya sufu akatoka juani.

Siku chache baadaye akaja baba yake. Shikamoo, marahaba, pamba, mvua. Nikamnyoa ndevu. Nilipokuwa namfuta sabuni akasema, bila kugeuka, ananitazama kwenye kioo, "Fundi, Dilipu akija kwako, tumia mkasi. Wembe usipite kichwani kwake."

Nikajifanya mjinga. "Kwani ana nini, mzee? Mapunye?"

"Usinifanye mtoto. Chumba chake na changu vinapakana. Mtu asiyeweza kulalia kisogo namsikia anavyogeuka. Na mama yake siku hizi anafua foronya kwa mkono wake, wakati mfanyakazi yupo."

"Basi mwambie kwamba unajua, mzee. Kijana anateseka na kofia."

"Aniambie yeye. Mimi ndiye niliyesema sitaki kusikia habari za nywele." Akajipapasa kidevu. "Na wewe usimwambie."

Jamani! Watu wawili, nyumba moja, wanakula meza moja, na kila mmoja anavuka barabara kuja kuninong'oneza mimi. Mara ngapi nilitaka kuwafungia wote wawili ndani ya banda langu na kuondoka na ufunguo! Mwana ananiuliza, "Baba amesema chochote?" Baba ananiuliza, "Vidonda vinakauka?" Na mimi, kwa ajili ya mafunzo ya Mzee Hamisi, nasema sijui, sijui, kama kasuku. Mke wangu akaniuliza kwa nini siku hizi nasonya hata usingizini.

Kisha Mzee Jivani akafa. Alikuwa dukani asubuhi, akinyoosha mkono kushusha jora la kitambaa kutoka rafu ya juu, akaanguka. Moyo. Mteja aliyekuwa akingoja kupimiwa kitambaa ndiye aliyepiga kelele, na sisi wa barazani tukakimbia tukamkuta amekwisha.

Sisi Wasukuma tukifiwa tunanyoa, kwa hiyo walipotuma mtu kuniita niende na wembe sikuhitaji kuelezwa. Kwa desturi ya ukoo wao, mwana mkubwa hunyolewa kichwa chote kabla ya kuuwasha moto wa kumchoma baba yake, maana wao hawaziki. Asiyenyolewa hawashi. Na mwana alikuwa mmoja tu.

Nilipoingia uani, wanaume walikuwa wamesimama pembeni, wanawake wako upande wa jikoni, na Dilipu amekaa kwenye kigoda katikati, kofia kichwani. Mdogo wa marehemu, Bwana Rati, aliyekuja mbio kutoka Mwanza, ndiye aliyekuwa akiongoza mambo.

"Vua hiyo kofia," akamwambia.

Dilipu akaivua. Mzee mmoja akaziba mdomo kwa mkono. Vigaga vilikuwa bado vipo, vingi, na jua lilikuwa linaviwakia.

"Hiki ni nini?" Bwana Rati akauliza, na alipoelewa, sauti ikampanda. "Ndicho ulichofuata Uingereza? Kaka yangu alijua?"

"Hakujua," Dilipu akasema.

"Fundi, nyoa. Wembe. Kichwa chote."

"Bwana Rati, vidonda havijapona. Wembe utang'oa."

"Basi ung'oe! Hii ni desturi, si urembo. Kama hawezi, mwanangu atauwasha moto, na huyu akae nyumbani na nywele zake."

Dilipu akainua uso kunitazama. Ulikuwa umesawijika. "Nyoa tu, Baba Kabula," akasema. "Baba anasubiri."

Nikaufungua wembe. Nikauweka pembeni mwa paji lake, na nikakumbuka mguu wangu. Mkono ukakataa. Nilikuwa na hasira, siwafichi. Nilimkasirikia Bwana Rati, nikamkasirikia huyu mjinga na kofia yake, nikamkasirikia hata marehemu aliyelala ndani, kwa sababu alikuwa na wiki nzima ya kusema neno moja na hakulisema, akaniachia mimi.

Nikakunja wembe. "Marehemu aliniagiza," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Alikaa kwenye kiti changu akaniambia, Dilipu akija, tumia mkasi, wembe usipite kichwani kwake."

Bwana Rati akanikodolea macho. Lakini Dilipu ndiye aliyeuliza. "Alikuambia lini?"

"Majuzi. Siku chache baada yako."

"Alijua?"

"Alikuwa anakusikia usiku unavyogeuka. Akanikataza nisikuambie. Alitaka umwambie mwenyewe."

Bwana Rati akasema kinyozi anatunga maneno. Pengine angeendelea, ila Mama Dilipu alitoka jikoni, nguo nyeupe, nywele zimefunguka, akapita katikati ya wanaume wale wote mpaka mbele ya mwanawe.

"Ni kweli," akasema. "Na mimi alinikataza. Ule mto, sikuushona mimi. Aliushona yeye, dukani, amefunga mlango. Alichagua pamba kwa mkono, akatoa mbegu moja moja. Akaniambia, mpe, sema umetoka kwako."

Bwana Rati akageuka akatazama ukuta, kisha akasema, "Haya, mkasi. Lakini ziishe kabisa."

Nikapitisha wembe pembeni na nyuma pale palipokuwa pazima. Mbele nikatumia mkasi mdogo wa masharubu. Kila kijifungu cha nywele nilikikata usawa wa kigaga, kimoja kimoja, bila kugusa ngozi. Sijawahi kufanya kazi taratibu vile. Na Dilipu, yule ambaye hakulia kwa sindano wala kwa kibomba cha daktari, alilia kwenye mkasi ambao haukumgusa, mabega yote yanatikisika, ikabidi nimshike kichwa kwa mkono wa kushoto ili nisimkate. Nilipomaliza nilikusanya nywele zote kwenye kitambaa nikampa mama yake. Dilipu akaenda akauwasha moto wa baba yake.

Mnataka kujua kama ziliota. Ziliota. Zilianza kuchomoza wakati wa palizi ya pamba, na hadi msimu uliofuata zikawa nywele, ingawa ukisogea karibu uliona vijifungu kama vya kwenye kichwa cha mwanasesere. Yule binti wa Mwanza naye alikuja na wazazi wake kuhani msiba, akamwona Dilipu kwa mara ya kwanza akiwa na kichwa kitupu chenye vigaga, na akamkubali hivyo hivyo. Sasa nawauliza, zile sindano zote zilikuwa za nini? Nilimuuliza Dilipu mwenyewe, wakati huo ameshakuwa baba wa watoto. Akacheka, akasema hajui, lakini mto bado anao.

Nimemaliza, na chai imepoa. Kulwa, huyo rafiki yako mwenye kofia asinivulie, kichwa chake sina haja ya kukiona. Mpe simu yako ampigie baba yake kwanza.